Nyumba moja, majalada manne: uchambuzi wa kisa cha udhalilishaji wa kifamilia Kaskazini Pemba

Nyumba inayoelezwa hapa ni ya kuundwa. Imejengwa kwa mambo ambayo walimu, wauguzi, askari na masheha (wakuu wa shehia) wa Pemba huyakuta tena na tena, ili wanaokaa katika kamati za kupinga udhalilishaji wapate kisa cha kujadili bila ya kumwanika mtu wa kweli. Taasisi, sheria na taratibu zinazotajwa ni zile zilizopo.

Mwenye nyumba ni bibi wa miaka 74, mjane, ambaye alirithi kwa baba yake kiwanja, nyumba na mikarafuu kumi na minane. Anaishi na mwanawe wa kiume wa miaka 41, mkewe mwanawe wa miaka 33, mjukuu wa kike wa miaka 11 aliye darasa la tano, na mjukuu wa kiume wa miaka 6. Mwanawe huvua dagaa usiku kwa taa, na msimu wa karafuu unapofika huchuma kwa ujira katika mashamba ya wengine, kwa kuwa mikarafuu ya mama yake haitoshi kuilisha nyumba. Miaka miwili nyuma alikopa fedha za kununulia mashine ya boti. Mashine iliharibika, deni likabaki.

Katika muda wa miezi mitano nyumba hii ilifika katika milango minne ya umma, na kila mlango ukafungua jalada lake.

Mlango wa kwanza ulikuwa wa skuli. Mwezi wa Machi mwalimu wa ushauri nasaha aliona kuwa binti anasinzia darasani, haombi ruhusa ya kurudi nyumbani hata akiumwa, na ana alama za kamba juu ya vifundo vya miguu. Mwalimu akamwita mzazi. Aliyekuja ni mama, na alikiri papo hapo kuwa yeye ndiye aliyemtia adabu mwanawe. Skuli ikamwonya, ikaandika kuwa mama ni mkali kupita kiasi, na jambo likaishia katika daftari la mwalimu mkuu.

Mlango wa pili ulikuwa wa kituo cha afya. Mwezi wa Mei mama yule yule alifika akiwa amevunjika mkono, akasema ameteleza kisimani. Muuguzi aliona pia michubuko ya zamani mgongoni ambayo kisima hakiwezi kuieleza, akamshauri aende polisi kuchukua PF3, yaani fomu ya polisi ya matibabu ya aliyeumizwa. Mama alikwenda katika Dawati la Jinsia na Watoto la kituo cha wilaya na kueleza kila kitu, akalia, akaandikiwa maelezo. Siku tatu baadaye alirudi akiongozana na ami yake mumewe, akaomba jambo lifutwe kwa kuwa wameshasikilizana nyumbani. Askari aliliacha jalada wazi, lakini hakulifanyia kazi.

Huko kusikilizana nyumbani ndiko mlango wa tatu. Sheha alikuwa ameshaitwa barazani, wazee wawili wakakaa, mume akaomba radhi, mke akasamehe, na sulhu ikaandikwa kwa mistari sita katika kitabu cha shehia. Mistari hiyo haikumtaja mtoto wala bibi.

Mlango wa nne haukuonekana kuwa mlango wa udhalilishaji hata kidogo. Tangu Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar inawalipa Pensheni Jamii wazee wote waliofikia miaka 70, bila ya kuangalia kama waliwahi kuajiriwa. Kiwango kilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye kikaongezwa hadi 50,000. Bibi alikuwa akihudhuria malipo bila ya kukosa. Kuanzia Aprili ya mwaka wa kisa hiki akawa haonekani, na mwanawe akampokelea miezi mitatu mfululizo. Karani aliandika neno moja: mgonjwa. Bibi hakuwa mgonjwa. Fedha hazikumfikia, na alikuwa akishikizwa aikodishe mikarafuu yake kwa mfanyabiashara kabla ya msimu, kwa bei ya chini, ili deni la mashine lilipwe.

Kwa nini milango haikukutana

Jibu la haraka ambalo hutolewa katika vikao vingi ni muhali. Mtu huona haya kumshitaki jirani, ndugu hawataki kuvunja undugu, mke anafikiria watoto watakula wapi, na kesi inafia njiani. Jibu hilo ni la kweli, ila limezoeleka mno, na ubaya wake ni kwamba linaitupa lawama yote kwa wanakijiji. Katika kisa hiki kulikuwa na muhali wa aina ya pili ambao hautajwi sana, nao ni wa ofisi kwa ofisi. Mwalimu hakumuuliza muuguzi kwa kuwa skuli haiulizi mambo ya hospitali. Askari alijua kuwa sheha ameandika sulhu juu ya kosa la jinai, lakini hakutaka kumvunjia heshima sheha ambaye kesho atamhitaji kwa jambo jingine. Karani wa pensheni hakutaka kumshuku mtoto wa watu kuwa anamla mama yake. Kila mmoja alimstahi mwenzake, na bibi alikula mlo mmoja kwa siku.

Muundo nao umechangia. Jeshi la Polisi ni chombo cha Muungano, na askari wa dawati anawajibika kwa wakubwa wake wa Jeshi, wakati ustawi wa jamii, wanawake, wazee na watoto wako chini ya wizara ya Zanzibar yenye dhamana hiyo, skuli ziko chini ya wizara ya elimu, vituo vya afya chini ya wizara ya afya, na sheha ni mteule wa serikali asiyepigiwa kura anayewajibika kwa uongozi wa wilaya na mkoa. Hakuna hata mmoja kati yao anayeweza kumwamuru mwenzake alete jalada. Ushirikiano wao hutokana na kikao na mazoea, na palipokuwa hakuna kikao hapakuwa na ushirikiano.

Sababu ya tatu ndiyo ambayo mwandishi wa uchambuzi huu anaiona kuwa nzito zaidi: tumezoea kuugawa udhalilishaji wa kifamilia kwa umri wa anayeumia. Mtoto ana sheria yake, yaani Sheria ya Mtoto Namba 6 ya 2011, na wazee wana yao ya mwaka 2020. Mpango kazi wa kitaifa wa 2017 hadi 2022 ulitaja katika jina lake wanawake na watoto. Hata hesabu zetu zimekatwa hivyo. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009, Zanzibar ikiwemo, uliwauliza vijana wa miaka 13 hadi 24. Tafiti za afya na idadi ya watu huwauliza juu ya ukatili wa majumbani wanawake wa miaka 15 hadi 49. Bibi wa miaka 74 hayumo katika dodoso la kwanza wala la pili. Hata maadhimisho yanafuatana bila ya kushikana mikono: tarehe 15 Juni dunia hukumbuka ukatili dhidi ya wazee, na kesho yake, tarehe 16, ni Siku ya Mtoto wa Afrika. Mara nyingi mabango ya siku ya pili huchapishwa na watu ambao hawakujua kulikuwa na siku ya kwanza.

Mgao huu una faida zake, kwa kuwa mtoto hahitaji kuhojiwa kama anavyohojiwa mzee. Tatizo ni kwamba mkono unaopiga haugawanyiki kwa umri. Katika nyumba hii mtu mmoja, kwa deni moja, alikuwa akimpiga mkewe, akimfunga mwanawe kamba na kumnyang'anya mama yake, na kila ofisi iliona kipande chake ikadhani ndilo jambo lote.

Aliyeyaunganisha

Kila shehia ina mratibu wa wanawake na watoto, na kwa kawaida ni mwanamke wa hapo hapo anayefanya kazi hiyo kwa kujitolea. Mratibu wa shehia hii alikuwa pia katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa ambacho mama wa nyumba hii ni mwanachama. Mwezi wa Julai mama hakuleta hisa kwa mara ya tatu, na siku hiyo hiyo jirani mmoja alimwambia mratibu kuwa bibi amemwomba muhogo wa kuchemsha kwa siri. Mratibu akenda kumzuru bibi kwa kisingizio cha kumtazama hali. Bibi akamwambia, "Mwanangu, mimi sina neno. Ila siku nikiwa na neno, nataka nilisemee nje ya nyumba hii."

Hakuna fomu inayoweza kuipokea sentensi ile. Mratibu aliielewa kwa sababu ni mtu wa pale, akamwalika bibi kwake kusaidia kusuka ukili, na huko ndiko habari ilikotoka. Bibi alikumbuka siku kwa ibada yake: hufunga tarehe 13, 14 na 15 za mwezi mwandamo, masiku meupe, na alisema kuwa ugomvi wa nyumba ile humkuta amefunga. Mara mbili alifuturu kwa maji matupu kwa sababu sufuria ilipigwa teke.

Mratibu alimfuata sheha. Ni haki kusema kuwa sheha angeweza kulikataa jambo lile, kwa kuwa lilikuwa linakifungua tena kitabu alichokifunga mwenyewe, lakini hakulikataa. Aliita kikao cha watu sita: yeye, mratibu, mwalimu wa ushauri nasaha, muuguzi, askari wa dawati na afisa ustawi wa jamii wa wilaya. Imamu wa msikiti ni mjumbe wa kamati ya shehia, lakini hakuitwa katika kikao cha kwanza kwa kuwa ana udugu wa karibu na mume. Alielezwa sababu hiyo na sheha mwenyewe, uso kwa uso, kabla ya kikao, na hakuchukia. Jambo dogo kama hili likikosewa, kikao cha pili hakipatikani.

Kikao cha muda wa saa tatu

Saa nzima ya mwanzo ilikwenda katika suala la siri. Muuguzi alisema kuwa hawezi kuyatoa ya mgonjwa mbele ya sheha, na alikuwa sahihi. Askari alisema kuwa bila ya maelezo ya muuguzi hana kesi, naye alikuwa sahihi. Afisa ustawi ndiye aliyelikata jambo kwa kupendekeza kuwa kila mmoja aseme mambo matatu tu: ni nani anayemwona yumo hatarini, hatari hiyo aliiona tarehe gani, na anawaomba wenziwe wafanye nini. Maradhi, maelezo ya chumbani na maneno aliyoyasema mtu akilia yabaki katika jalada lake, na askari ayapate kwa njia ya kisheria, kupitia PF3 na maelezo ya shahidi. Kipimo hicho kiliwatosha wote, na kamati nyingi zingefaidika nacho kuliko semina ya siku tano.

Tarehe zilipowekwa pamoja kwenye karatasi moja, kitu kikaonekana ambacho hakuna jalada lililokuwa nacho. Siku ambazo mtoto hakufika skuli, siku ambayo mkono ulivunjika na siku ambazo bibi alifuturu kwa maji zote ziliangukia katikati ya mwezi mwandamo. Kwa mtu wa pwani maana yake iko wazi: dagaa huvuliwa kwa taa katika giza, na mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi hukaa majumbani. Siku hizo mume yuko nyumbani, hana kipato, na mdai anajua pa kumkuta. Hilo halikuwa udhuru wa kosa, kwa kuwa wavuvi wengine wa kijiji kile hukaa nyumbani usiku huo huo wakashona nyavu bila ya kumpiga mtu. Lilikuwa jambo la kutumika. Kuzuia, kwa maana halisi ya neno hilo, kunahitaji kujua siku ya hatari kabla haijafika, na watu sita walipata kalenda ambayo mmoja peke yake asingeweza kuipata.

Ubishi mkubwa ulifuata baina ya mwalimu na askari. Kwa mwalimu, mama alikuwa mkosaji aliyekiri. Kwa askari, mama alikuwa muathirika. Hapa ndipo madhara ya majalada yaliyotengana yanapoonekana waziwazi, kwa sababu mama yule yule angeweza kuitwa wiki moja na ofisi mbili, moja imfariji na nyingine imtishe, naye angejifunza kuwa kusema ukweli ni hatari. Kikao kikaamua binti asikilizwe peke yake na afisa ustawi, mara moja tu, asihojiwe tena skulini wala kwa sheha. Aliyoyasema yaliwafunga midomo wote wawili: kamba ilikuwa ya baba, na mama aliibeba lawama ile skulini kwa kumwogopa, lakini bakora za viganjani zilikuwa za mama, khasa siku baada ya yeye mwenyewe kupigwa. Na ilidhihirika baadaye kuwa mlo wa bibi haukupunguzwa na mwanawe pekee. Mkewe mwanawe, kwa hasira ya kuwa mavyaa wake, yaani bibi, alikaa kimya alipokuwa akipigwa, alikuwa akimpakulia mwisho, na pengine akasahau.

Udhalilishaji ndani ya nyumba humpita mtu mmoja ukamfikia mwingine, na anayeumizwa asubuhi anaweza kuumiza jioni. Ofisi inayohudumia umri mmoja haiwezi kuliona hilo, kwa kuwa mtu aliye mbele yake ana jina moja tu: muathirika au mtuhumiwa. Kamati iliamua kuwa bakora za mama zitashughulikiwa na ustawi kwa ushauri na ufuatiliaji, bila ya kuzidharau, na kuwa kipigo cha mume kilichovunja mfupa kitapelekwa mahkamani chini ya Sheria ya Adhabu Namba 6 ya 2018. Sheha alitamka mwenyewe, na ikaandikwa, kuwa kitabu cha shehia hakina uwezo wa kulifuta kosa la jinai.

Juu ya sulhu panahitajika maneno machache, kwa kuwa wapo wanaodhani kuwa kuizuia ni kuipinga dini. Aya ya 35 ya Suratun Nisaa inaelekeza hakamu (msuluhishi) mmoja kutoka kwa watu wa mume na mmoja kutoka kwa watu wa mke pale panapokhofiwa mfarakano baina ya wanandoa. Mahkama ya Kadhi, ambayo kwa sasa inaongozwa na sheria ya 2017, ina nafasi yake katika ndoa, talaka, matunzo na malezi. Katika sulhu ya Mei hapakuwa na hakamu wa upande wa mke hata mmoja: wazee wote wawili walikuwa wa upande wa mume. Kwa hiyo hata kwa kipimo chake yenyewe haikuwa sulhu.

Nani atabaki na bibi?

Mpango uliokuwa tayari kufikia saa ya pili ulikuwa wa kawaida: mama na watoto waende kwa kaka yake mama katika shehia ya jirani, mume akamatwe, kesi ianze. Watu walikuwa wameshaanza kuvaa viatu. Afisa ustawi akauliza, "Nani atabaki na bibi?" Pakawa kimya. Mpango uliotungwa kumwokoa mke na watoto ungemwacha mzee wa miaka 74 peke yake na mtu mwenye deni, aliyetoka rumande kwa dhamana, ambaye ataamini kuwa mama yake ndiye aliyesema. Kama kuna sababu moja ya kuwakalisha pamoja wanaoshughulikia watoto, wanawake na wazee, sababu hiyo ni swali hilo.

Majibu yake hayakuwa mepesi. Mtu mmoja alitaja nyumba ya wazee ya Limbani, Wete. Bibi alipopelekewa wazo hilo alichukia: "Limbani ni kwa asiye na pake. Mimi nyumba ninayo, yeye ndiye mgeni wangu." Alikuwa sahihi kisheria kuliko wote waliokuwa kikaoni, ambao walikuwa wakipanga kumhamisha mwenye nyumba na kumwacha mkosaji ndani. Ndipo askari akakubali kumwomba mwendesha mashtaka aombe sharti la dhamana kuwa mume asikae katika nyumba ile, na mpwa wa bibi, mwanamke mtu mzima, akahamia kwa muda.

Suala la ridhaa liliwapa taabu zaidi, na linastahili kukaliwa. Kwa mtoto, taasisi hazikuhitaji ruhusa yake ili zichukue hatua. Sheria inawataka watu wazima wamlinde, na inaruhusu mahkama kutoa amri za matunzo na uangalizi. Kwa mama, hatua ya jinai iliweza kuendelea hata alipositasita, lakini bila ya kushikwa mkono asingefika mahkamani, na kwa hiyo mratibu alimsindikiza mara zote, jambo ambalo kwenye karatasi halina hata mstari. Kwa bibi hali ilikuwa nyingine kabisa. Ana akili timamu, anajua alichoibiwa, na alikataa katakata kutoa ushahidi: "Simtii mwanangu Chuo cha Mafunzo kwa pesa ya pensheni," akimaanisha gerezani. Wajumbe wawili walitaka kumlazimisha kwa faida yake. Afisa ustawi alikataa, na mwandishi anamuunga mkono: mzee si mtoto aliyerudi nyuma, na kumlinda kwa kumnyima kauli ni kumdhalilisha kwa njia ya pili. Lakini kukataa kwake ushahidi hakukumaanisha aachwe alivyo. Malipo yalirejeshwa mkononi mwake, na karani akaelekezwa kuwa mpokeaji mbadala hatakubaliwa bila ya bibi kuonekana kwa macho. Sheha akajifunga kuwa hatashuhudia mkataba wowote wa kukodisha mikarafuu ile mpaka azungumze na bibi faragha. Hatua zote mbili hazikuhitaji mahkama wala bajeti.

Mtu anaweza kuuliza Mkono kwa Mkono ulikuwa wapi. Vituo hivyo, ambavyo cha kwanza kilianzishwa Hospitali ya Mnazi Mmoja mwaka 2011 na vingine vikafuata, Chake Chake ikiwemo, huwakutanisha daktari, askari na mshauri nasaha chini ya paa moja, na kwa aliyebakwa au kupigwa ni msaada mkubwa kuliko kumzungusha ofisi kwa ofisi. Mama alipelekwa huko na alihudumiwa. Lakini kituo kinamsubiri aliyekwisha kuumia na mwenye nauli ya kufika. Mzee anayeporwa fedha hana jeraha la kumpeleka hospitali. Kwa watu wa aina yake kituo cha pamoja kinachofaa ni kikao cha shehia, na Zanzibar ina shehia 388, kwa hiyo mahali pa kukaa pameshapatikana.

Baada ya miezi minane

Kesi ya shambulio iliahirishwa mara mbili kwa shahidi kutofika. Muuguzi aliyeandika "kuanguka" mwezi wa Mei alitoa ushahidi mgumu juu ya kwa nini aliandika hivyo na kwa nini pia aliandika michubuko ya zamani. Uangalifu wake wa siku ile ndio ulioibeba kesi. Hukumu bado inasubiriwa. Kwa kadhi, mama amedai matunzo ya watoto, na mume amelipa mwezi mmoja kati ya mitatu. Binti alihamishwa skuli kwa barua ambayo mwalimu aliiandika bila ya kutaja sababu, na sasa hasinzii. Mama amehudhuria ushauri nasaha mara nne. Na baina yake na mavyaa bado pana ubaridi.

Mume anaishi kwa ami yake, yule aliyemrudisha mkewe polisi kulifuta jambo. Imamu, ambaye sasa anahudhuria, alichukua jukumu la kuzungumza na mdai wa mashine ili deni lilipwe kwa mafungu baada ya msimu. Wapo waliolalamika kuwa huko ni kumbembeleza mkosaji. Mwandishi haoni hivyo, kwa kuwa deni lile lilikuwa bado linamtazama bibi na mikarafuu yake.

Kilichoharibika ni vikao. Kikao cha tatu kilikuwa na watu wanne, cha nne watatu, kwa kuwa askari aliyelijua jambo alihamishiwa Unguja na aliyekuja alianza upya. Karatasi ya tarehe ilibaki kwa mratibu, na ndiyo makabidhiano pekee yaliyokuwepo. Vocha ya simu na nauli bado ni za mfukoni mwake. Kila mwezi mwandamo, tarehe 13, 14 na 15, huenda kumwona bibi, akichukua kitu kidogo cha futari.

Katika ziara ya mwezi wa nane tangu kikao cha kwanza alipitia pia kwa kaka yake mama, na mwalimu wa skuli mpya akamweleza kuwa mdogo wake binti, yule wa miaka 6, anawapiga wenziwe na kuwatishia kuwafunga kamba. Mratibu alirudi akayapekua majalada yote manne. Mtoto huyo alitajwa mara mbili tu, mara zote katika idadi ya wanaotegemea nyumba ile, na hakuna aliyewahi kukaa naye. Jina lake liliwekwa la kwanza katika ajenda ya kikao kilichofuata.